Gunzi Moja Kila Asubuhi

Kuna harufu moja ambayo hata nikifungwa kitambaa machoni nitaijua: oili ya injini inayodondokea bomba la moshi lenye moto. Haifanani na moshi wa kuni wala wa takataka. Ina uchungu unaokaa kooni, na ukishaivuta, chai yako ya asubuhi inakosa ladha. Mwezi uliopita nilikuwa nimelala chini ya lori hapa gerejini kwangu Mikumi, pembeni ya barabara kuu, harufu hiyo ikanifikia kabla sijaliona gari lenyewe. Pikapu nyeupe ilikuwa imeingia uwanjani ikifuka moshi ubavuni mwa boneti. Akashuka mzee mmoja mrefu, kofia mkononi, akasema maneno ambayo madereva huniambia kila siku: "Fundi, kava la tapeti linavuja. Gereji tatu zimeshafunga, bado tu."

Vijana wangu wakamwamkia mmoja mmoja, naye akamwitikia marahaba kila mmoja. Mimi nilitoka chini ya lori, nikasimama na spana yangu, nikamtazama, nikafunga mdomo. Sauti ile niliijua. Ungekuwepo pale, rafiki yangu, ungesema huyu mama hakufunzwa adabu kwao. Basi ngoja nikueleze kwetu ni wapi, halafu utanihukumu mwenyewe.

Nililelewa Kimamba, mikononi mwa babu na bibi, nyumba ya pili kutoka reli. Treni ikipita, vyombo vya bibi vilicheza juu ya kichanja, naye alivigombeza vyombo badala ya treni. Asubuhi upepo ulituletea harufu ya mkonge, ile ya majani yaliyosagwa yakaanza kuchacha, na jioni ilikuwa zamu ya dagaa wa kukaanga, ugali wa moto na mlenda uliovutika kutoka bakulini mpaka kidevuni. Wazee wangu wakiwa wawili walizungumza Kisagara. Kiswahili kilikuwa cha wateja, na cha kunigombeza mimi.

Babu alikuwa fundi wa magari. Kazi aliijulia kwenye karakana ya shamba la mkonge, na shamba lilipolala akahamishia vifaa vyake uani kwetu. Ardhi ya ua ule ilikuwa nyeusi na ngumu kwa oili iliyomwagika miaka mingi. Kuku wa bibi walikuwa na miguu myeusi kama wamevaa soksi. Watu walitoka Kilosa mjini, wengine walishuka kutoka milima ya Mamboya, kumletea magari yaliyovuja. Na uvujaji aliosifika zaidi kwa kuuziba ulikuwa ule wa gasketi ya kava la tapeti. Kama hulijui, ni lile bati linalokaa juu kabisa ya injini, kama kifuniko cha sufuria. Kati ya bati na injini hulala gasketi, ukanda mwembamba wa karatasi ngumu, na ukanda huo ukichoka oili hutambaa nje na kudondokea bomba la moshi.

Kwanza tulitafuta oili inatokea wapi. Babu aliifuta injini mpaka ikauke, kisha akanituma ndani kuomba unga wa sembe. Bibi alianza kulalamika kabla sijafika mlangoni, kwamba yeye hakutwanga mahindi ili ailishe injini. Lakini alitoa. Babu aliunyunyiza unga kuzunguka lile bati, akawasha injini, tukachuchumaa kungoja. Palipovuja, oili ilichora mstari mweusi kwenye weupe ule, naye alinyoosha kidole akasema, "Unaona inapolia?" Niliona. Nilikuwa na miaka tisa na niliona vizuri kuliko madereva wenyewe, na nilijivuna nalo jambo hilo.

Gasketi aliikata kwa mkono. Aliitandika karatasi juu ya kingo za kava, akazigongagonga kwa kinyundo kuzunguka, tik tik tik, mpaka karatasi ikakatika yenyewe kwa umbo lake. Mlio ule ndio uliokuwa ukiniamsha siku za likizo. Kazi yangu ilikuwa kukwangua mabaki ya gasketi ya zamani, kuosha kava kwa dizeli, na kupitisha kidole ukingoni kutafuta palipopinda. Tukipaona, tulipanyoosha kwa kulilaza kava juu ya kipande cha reli. Mwisho babu alikaza nati kwa vidole viwili, akianzia za katikati, akaenda za pembeni. Aliniambia kava ni bati tu. Ukilikaza kwa hasira linapinda, na likishapinda halitaacha kuvuja.

Na kabla ya kufunga boneti, kila gari, kila siku, alinifanya niweke kidole kwenye mdomo wa mpira mmoja uliotoka kwenye kava na kuning'inia ubavuni mwa injini. Hewa ya uvuguvugu ilinipiga kidoleni. "Inapumua?" aliuliza. "Inapumua, babu." Ndipo boneti ilipofungwa. Injini ina pumzi zake, na hutokea hapo. Ukiuziba mpira ule, hewa hujaa ndani, na gasketi hata iwe nzima namna gani itasukumwa mpaka oili itoke pande zote. Lishike hilo, maana kisa changu chote kimekaa hapo.

Ng'ambo ya barabara alikaa jirani. Ndiye huyu mzee wa pikapu. Wakati huo alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, wa ovaroli ya kijani aliyoivaa mpaka siku za sikukuu. Ufundi aliokuwa nao aliuchuma kwa babu, lakini riziki yake kubwa ilikuwa kuosha magari kwa pampu ya maji. Kwetu waoshaji walikuwa na desturi yao: kabla ya kupuliza maji kwenye injini, waliuziba ule mpira wa kupumulia kwa gunzi la mahindi, maji yasiingie ndani. Gunzi lilienea pale utadhani limechongwa kwa kazi hiyo. Ukimaliza kuosha unalichomoa na kulitupa. Hakuna aliyewahi kuona ubaya wake.

Siku moja likaja lori lililokuwa lipeleke vyombo vya bi harusi Mamboya. Babu alilibadilishia gasketi, nikaweka kidole changu, likapumua, akalifunga. Kesho yake asubuhi dereva akaona aibu kubeba harusi kwenye gari la vumbi, akalivusha barabara kwenda kuoshwa. Bibi alinituma kwa jirani kudai karai letu, kwa hiyo nilikuwepo. Nilimwona jirani akichana kipande cha ovaroli yake pale ilipokwisha kutatuka, akalizungushia gunzi ili libane zaidi, akalisokomeza kwenye mpira. Nilimwona akiosha. Kisha wanawake wa harusi wakafika na vigelegele, kitanda na magodoro mawili yakapakiwa, dereva akapiga honi, na jirani akafunga boneti huku akicheka nao. Nikalipungia mkono lori mpaka likapotea. Gunzi sikulikumbuka. Mimi niliyefundishwa kuweka kidole nilikuwa nimesimama hatua tatu na karai kichwani, nikitazama nguo za watu.

Lori lilianza kufuka kwenye mlima. Oili ilitoka kuzunguka kava lote, ikamwagikia bomba la moshi, moto ukashika. Watu waliruka wakasalimika, lakini kibini ya dereva iliungua, na kutoka kibini moto ukaruka kwenye magodoro na kitanda. Bi harusi aliingia kwa mumewe na kanga aliyojifunga tu. Sisi watu wa Kimamba kwa kusimulia hatujambo; habari ile ilifika gulioni kabla ya trekta lililolivuta lori kurudi.

Na gulioni, mbele ya stesheni, penye watu wote, jirani alipanda juu ya gunia akasema maneno yake. Nilikuwa nimesimama na babu kwa muuza tumbaku. "Mzee nilimwambia gasketi yake mbovu," alisema. "Macho yamekwisha, hakubali. Anakata gasketi kwa nyundo kama anachonga kinu, halafu anaua watu." Watu wakageuka kututazama. Babu alilipokea fungu lake la tumbaku, akalifunga kwenye kitambaa polepole, fundo la kwanza, fundo la pili, tukaondoka. Siku hiyo ndipo nilipomchukia mtu kwa mara ya kwanza, na nakwambia kweli, chuki ile iliingia mzima mzima kama mgeni anayejua chumba chake.

Nilikwenda kwenye lori mwenyewe. Mpira ulikuwa umeungua nje, lakini gunzi lilikuwa mle, nusu makaa nusu gunzi, na nyuzi za kijani zimeng'ang'ania. Nilimpelekea babu nikikimbia, nikiwaza tunakwenda moja kwa moja gulioni. Aliligeuzageuza. Kisha akaniketisha juu ya ngoma ya gurudumu akasema, "Mjukuu wangu, wewe ni mtoto. Ukimshitaki mtu mzima, watasema umekosa adabu, na mimi watasema nimekutuma. Nyamaza." Nililia kwa hasira. Alilitia gunzi kwenye kopo la nati zake, juu kabisa, akafunika.

Sikumsemea jirani, kwa kuwa nilikatazwa. Lakini babu hakunikataza jambo lingine. Tangu siku ile nilimnyima shikamoo. Wewe unajua kwetu mtoto asiyeamkia ni msiba wa ukoo mzima. Nilijifunza kupita penye wazee waliokaa pamoja bila kusema shikamooni, maana neno hilo lingemchukua na yeye ndani yake. Niliwaamkia mmoja mmoja, kwa heshima, magoti yakikunjwa: shikamoo babu, shikamoo mama mkubwa, shikamoo mwalimu, nikifika kwa jirani natazama viatu vyangu, kisha naendelea na wa upande wa pili. Alishitaki. Bibi alinichapa kwa mwiko wa ugali. Mwalimu alinipigisha magoti kwenye kokoto, akaniuliza mbele ya darasa kama nimezaliwa porini. Nilijikaza kisabuni. Kila fimbo nilihesabu kuwa ni yake, namwekea.

Na kulikuwa na magunzi. Kila asubuhi ya shule niliokota gunzi moja jikoni kwa bibi, nikaliweka katikati ya mlango wa ua wake. Si mawili, wala halikupigwa teke. Niliweka moja, limesimama wima. Alilikuta akitoka na pampu yake. Nilifanya hivyo mwaka mzima, na nusu ya mwaka wa pili. Sasa sikiliza: mtu huyu aliyenishitaki kwa bibi, kwa mwalimu, mpaka kwa balozi wa nyumba kumi, kwa sababu ya shikamoo, juu ya magunzi hakufungua mdomo wake hata mara moja. Aliyafagia kimya kimya. Ndipo nilipojua anajua, na nikazidi kuyachagua yaliyonyooka.

Hata hivyo wateja walivuka barabara kwenda kwake. Ule mlio wa tik tik tik ulikuja siku mbili kwa wiki, kisha siku moja, kisha ukakoma. Babu akaanza kuziba pancha za baiskeli. Watoto wa rika langu walimtania wakipita, wakinusa hewa na kupiga kelele, "Kinaungua kitu!" Alikuwa akiwaitikia marahaba. Alifariki mimi nikiwa darasa la saba, na kopo la nati likawa langu. Jirani alikuja msibani, akabeba jeneza. Nilimwona bega lake likiwa chini ya mti wa jeneza la babu, nikala yamini kwamba siku moja mtu huyu atarudi gulioni na kulifuta neno lake kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya wale wale waliomsikia. Miaka miwili baadaye akauza nyumba, akahamia Kidodi kulima miwa. Mimi nikaenda kusomea ufundi, nikafungua gereji Mikumi, njia ambayo kila atokaye Kidodi kwenda mjini lazima aipite. Watu huniuliza kwa nini nilichagua hapa. Huwaambia wateja ni wengi.

Basi ndiye huyo kasimama mbele yangu, mvi tupu. Nilifungua boneti. Silikoni ya kuzibia imepakwa tabaka juu ya tabaka, imefurika nje kama uji uliochemka, na nati zimekazwa mpaka bati limebonyea. "Nani alikaza hivi?" niliuliza.

"Ya mwisho nilikaza mwenyewe. Hasira, fundi."

"Na mpira wa kupumulia mmeutazama?"

"Huo nautazama kila asubuhi," akasema. "Kila asubuhi ya Mungu, kabla sijawasha. Miaka yote."

Nikamwita kijana wangu, nikamwambia akanunue unga wa sembe kilo moja. Mzee aliposikia unga alinitazama usoni, akatazama mikono yangu, kisha akaketi juu ya tairi bila kuambiwa. "Nilikuwa nasema tutakutana siku moja," alisema. "Ulikuwa unayasimamisha wima."

Nilifanya kazi ile mbele yake kama ilivyofanywa uani kwetu. Nilikwangua, nikaosha, nikalilaza kava kwenye kipande cha reli, nikakata gasketi kwa kinyundo, tik tik tik, makusudi, ingawa kabatini ninazo za dukani. Kila pigo nilitaka limwingie, na nadhani lilimwingia, maana alifumba macho. Nikakaza kwa vidole viwili. Nikanyunyiza unga, nikawasha. Unga ukabaki mweupe. Kisha nikaenda kabatini nikaleta kopo la nati, nikalifungua, nikaliweka gunzi la babu juu ya boneti yake. Nilimwambia, "Gulio la Kimamba ni kesho. Utasema pale pale uliposema."

Hakubisha, na hilo liliniudhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kubisha. Kesho yake nilishika usukani wa pikapu yake, tukashuka Kilosa, tukavuka kwenda Kimamba, gunzi limelala katikati yetu kwenye kiti. Niliyapanga maneno yangu njia nzima. Mawazoni nilimwona muuza tumbaku akishangaa, wale wanawake wa harusi wakijishika vinywa, mwalimu akiinamisha kichwa.

Tulipofika nilimsimamisha mbele ya stesheni. Alivua kofia, akaliinua gunzi. Alisema vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema lori la harusi liliungua kwa sababu yake, kwamba alilisahau gunzi hili kwenye injini akijua desturi, kwamba aliona nyuzi za ovaroli yake akilipita lori siku ile ile, na kwamba gasketi ya fundi mzee ilikuwa nzima.

Mama mmoja muuza nyanya akauliza, "Fundi yupi, babu?"

"Yule wa nyumba ya pili kutoka reli."

Wakatazamana. Vijana wa bodaboda wakadhani mzee anatafuta usafiri, mmoja akawasha pikipiki yake. Mwingine akauliza kama hilo gunzi ni dawa. Nikazunguka gulio zima nikitafuta uso mmoja, mmoja tu. Nilimuulizia muuza tumbaku, walishamzika. Wanawake wa harusi, nani aliyekuwa anawajua? Mwalimu alirudi kwao zamani, hakuna ajuaye ni wapi. Waliomcheka babu wamekwenda na kicheko chao, wengine wako chini ya udongo wakiamini kwamba aliunguza magodoro ya bi harusi, na hakuna wa kuwaamsha. Nilitamani kulia kama siku ile juu ya ngoma ya gurudumu. Huyu mtu alikuwa amenidhulumu mara ya pili, kwa kuishi tu kuliko wote.

Nyumba yetu haipo. Pamejengwa kibanda cha chipsi, na kichanja cha bibi kilipokuwa ndipo wanapoegesha pikipiki. Ua umemwagiwa kifusi chekundu. Nilichimba kwa ncha ya kiatu nikitafuta ule weusi wa oili, sikuupata. Treni haikupita muda wote tuliokuwa pale. Harufu ya mkonge hakuna.

Mzee alinifuata mpaka pale. Akasimama mbele yangu, kofia mkononi, akangoja. Nilijua anangoja nini, na unajua hata wewe. Alikuwa ametimiza alilotakiwa. Mtu wa umri wake, mbele ya watu, ameshajidhalilisha. Neno moja tu kutoka kwangu, naye aitikie marahaba, mambo yaishe. Midomo yake ilikwisha kujiandaa.

Nilimfungulia mlango wa gari, nikamshika mkono apande, maana mzee ni mzee. Shikamoo sikumpa. Katika vyote vya ua ule, nyundo, unga, mlio, harufu, kuku wenye miguu myeusi, shikamoo hiyo niliyomnyima ndicho kitu pekee cha babu kilichobaki bado kizima, na ninacho mimi.